Mama yuko kwenye dayalisisi, kaanguka kidogo tu mkono ukavunjika: tumpe maziwa na supu ya makongoro?

SWALI

Ndugu waandishi wa safu, shikamooni.

Mama yangu ana miaka 58, uzito wake mkavu (maji ya ziada yakishatolewa) ni kilo 60, na huu ni mwaka wa sita anasafishwa damu, mara tatu kwa wiki, saa nne kila awamu. Fistula, yaani mshipa ulioungwa kwa ajili ya sindano za mashine, iko mkono wa kushoto. Wiki tatu zilizopita alitoka hospitali, akashuka kwenye bajaji hapa nyumbani, na alipokanyaga kizingiti cha baraza miguu ikamwisha nguvu. Hakuanguka kutoka juu. Alijikinga na mkono wa kulia, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Sasa yuko kwenye hogo.

Kila anayekuja kumjulia hali analeta na dawa yake. Jirani anasema maziwa glasi mbili kwa siku. Shangazi anamchemshia supu ya makongoro kila asubuhi ili mfupa uunge. Kaka yetu aliyeko Muscat ametuma vidonge vya alendroneti vya miligramu 70, vya kumeza kimoja kwa wiki, kwa kuwa vilimsaidia mama mkwe wake mwenye mifupa myepesi. Duka la dawa wametuuzia kalsiamu yenye vitamini D, na dikloofenaki ya maumivu.

Vipimo vya mwezi uliopita ni hivi: kalsiamu 2.05, fosfeti 2.3, albumini 32, ALP 412, PTH 1,180 kwa pg/mL. Vipimo vya ini viko sawa. Dawa zake ni amlodipini ya presha, kalsiamu kabonati ya miligramu 1,250 vidonge vitatu kwa siku (humeza vyote pamoja alfajiri ili asisahau, kabla ya chai), alfakalsidoli (aina ya vitamini D) mikrogramu 0.25 tukiipata, na omeprazoli ya kupunguza asidi ya tumbo kila siku kwa miaka miwili. Kwenye mashine hufika na kilo 3.8 za maji, na mara nyingi huomba atolewe nusu saa kabla kwa sababu misuli inamkaza.

Kliniki ya figo ni wiki ijayo. Je, ana upungufu wa kalsiamu? Vipi hivyo vidonge vya Muscat? Kuna haja ya kutafuta kile kipimo cha DEXA cha uzito wa mifupa? Na tufanye nini asivunjike tena?

Binti anayeuguza, Tanga

JIBU

Dada, marahaba, na pole kwa kuuguza. Mama naye mfikishie pole zetu. Kabla ya yote, vidonge vya Muscat vifungieni kabatini, asipewe hata kimoja, na dikloofenaki iachwe leo. Maziwa, supu na ile kalsiamu ya dukani navyo visubiri kwanza. Sasa tuzungumze sababu.

Tuanze na karatasi ya vipimo, maana imebeba majibu kuliko wageni wote waliopita barazani. Kalsiamu ya 2.05 inaonekana iko chini, kwa kuwa kawaida ni kama 2.1 hadi 2.5. Lakini karibu nusu ya kalsiamu iliyo kwenye damu husafiri imeshikamana na protini, hasa albumini. Albumini ikishuka, kipimo cha jumla hushuka nayo hata kama kalsiamu inayofanya kazi haijapungua. Hesabu inayotumika ni kuongeza 0.02 kwa kila gramu moja ya albumini iliyopungua chini ya 40. Mama ana 32, pungufu ni 8, kwa hiyo tunaongeza 0.16 na kupata 2.21. Haya ni makadirio tu, na kama maabara yenu inapima kalsiamu huru, hicho ndicho kipimo cha kuaminiwa. Hata hivyo inatosha kuwajibu: damu ya mama haina njaa ya kalsiamu. Tatizo ni mahali inakotolewa.

Figo nzima hutoa fosforasi (ndiyo hiyo fosfeti ya kwenye karatasi) usiku na mchana. Pia huikamilisha vitamini D, kwa sababu tunayoipata juani na kwenye chakula ni ghafi mpaka ipitie ini na kumaliziwa kwenye figo. Figo zikifa, fosforasi hujaa, vitamini D iliyokamilika hupungua, na utumbo hauvuti tena kalsiamu inavyotakiwa. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nyingine nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, ziitwazo parathairoidi. Kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu isishuke, na silaha yake ni homoni ya PTH. Homoni hiyo hufungua ghala, na ghala la kalsiamu ni mfupa. Hali ikidumu miaka, tezi hunenepa na kuzoea kumwaga PTH hata pasipo haja. Mfupa unabomolewa na kujengwa kwa pupa, ganda lake gumu la nje linatobokatoboka, ndani inabaki kazi ya fundi aliyeharakishwa. Mfupa wa namna hiyo huvunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu, kama ilivyomtokea mama.

PTH ya mtu mwenye figo nzima kwa kawaida haizidi 65. Kwa aliye kwenye dayalisisi haitakiwi ishushwe hadi hapo. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, uitwao KDIGO, uliohuishwa mwaka 2017, unataka ikae kati ya mara mbili na mara tisa ya kikomo cha juu cha kawaida, yaani kama 130 hadi 585. Ya mama ni mara kumi na nane. ALP, kimeng'enya kitokacho kwenye ini na kwenye mfupa, nayo ya 412, kwa mtu ambaye ini lake halina shida, ni alama ya mfupa unaobomolewa na kujengwa kwa kasi. Vipimo viwili vinasema neno moja, na mkono uliovunjika umelithibitisha. Wala si jambo geni: huko Marekani, takwimu zilizochapishwa mwaka 2000 zilionyesha kuwa walio kwenye dayalisisi huvunjika nyonga zaidi ya mara nne kuliko watu wa rika lao.

Sasa vidonge vya Muscat. Alendroneti huzuia seli zinazobomoa mfupa. Kwa mama mkwe wa kaka yenu ni sawa, maana mifupa yake imepungua kwa umri na figo zake zinafanya kazi. Dawa hiyo hutolewa mwilini kwa njia ya figo, na maelezo yake ya matumizi yanasema isitumiwe na mtu ambaye uchujaji wa figo uko chini ya mililita 35 kwa dakika. Mama yuko chini kabisa ya hapo. Ikishaingia kwenye mfupa hukaa humo miaka, hairudishwi. Daktari bingwa anaweza siku moja kuamua kutumia dawa ya kundi hilo kwa sababu maalumu, lakini baada ya kujua mfupa uko katika hali gani, na baada ya kuishusha PTH. Msije mkashawishiwa pia na sindano ya denosumabu ya miligramu 60. Yenyewe haipiti kwenye figo, ndiyo maana watu huiona salama, ila kwa walio kwenye dayalisisi inaweza kuiangusha kalsiamu hadi mtu apate degedege au moyo upige ovyo. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa tugeukie kidogo wasomaji wengine wenye wagonjwa. Yasomeni haya kwa karatasi yenu, msiyachukue ya mama huyu. Kuna waliovunjika huku PTH yao ikiwa 60 au 80 na ALP ikiwa chini. Huo ni mfupa uliolala: haubomolewi wala haujengwi, nyufa ndogondogo zinajikusanya bila fundi wa kuziba. Huwapata zaidi wenye kisukari, wazee, na waliomeza kalsiamu na alfakalsidoli kupita kiasi. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake, kwa sababu mwenye mfupa uliolala hupunguziwa kalsiamu na vitamini D, na pengine hata kalsiamu ya kwenye maji ya mashine hushushwa hadi 1.25. Kumpa alendroneti mtu huyo ni kumfungia mlango mtu aliyekwisha lala.

Turudi kwa mama. Jambo la kwanza la kurekebisha halina gharama, nalo ni saa ya kumeza kalsiamu kabonati. Dawa hiyo haikuandikwa ili kumwongezea kalsiamu. Kazi yake ni kukamata fosforasi ya chakula ndani ya tumbo ili itoke na choo, na haiwezi kukamata chakula ambacho hakipo. Akimeza vidonge vitatu alfajiri tumbo likiwa tupu, fosforasi ya mchana na ya usiku inapita salama, na kalsiamu ya vidonge ndiyo inayofyonzwa. Yaani amepata ubaya wa dawa, faida yake kaikosa. Kuanzia leo kidonge kimoja kiende na mlo wa mchana na viwili na mlo mkubwa wa jioni, au kinyume chake kama mchana ndio anaokula sana. Kimezwe katikati ya kula, baada ya matonge machache, si nusu saa kabla wala baada. Chai kavu na kipande cha muhogo hakihitaji kidonge. Idadi haijabadilika, ni saa tu, kwa hiyo hamna haja ya kungoja kliniki. Akiandikiwa vidonge vya madini ya chuma au siprofloksasini, visigongane na kalsiamu tumboni kwa kuwa hushikamana. Antibayotiki hiyo imezwe angalau saa mbili kabla.

Vidonge vitatu vya 1,250 vina miligramu 1,500 za kalsiamu halisi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2003 uliweka kiasi hicho kuwa ukomo wa siku kwa kalsiamu itokayo kwenye vidonge vya kukamata fosforasi, na siku hizi madaktari wengi huona hata hicho ni kingi. Ukiongeza ile ya dukani umevuka. Kalsiamu inayozidi haiendi kwenye mkono uliovunjika. Ikikutana na fosforasi iliyojaa hujijenga kwenye kuta za mishipa na vali za moyo.

Mbona fosforasi imefika 2.3 wakati lengo ni kuisogeza karibu na kawaida, yaani chini ya 1.5 au hapo hapo? Piga hesabu. Chakula cha kawaida huleta kama miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku, na takriban asilimia 60 huingia mwilini, sawa na 4,200 kwa wiki. Awamu moja ya saa nne hutoa kama 800, mara tatu ni 2,400. Zinabaki 1,800 kila wiki, ambazo ni zaidi ya 250 kwa siku, na kidonge kimoja hukamata makumi machache tu ya miligramu. Ndiyo maana vidonge vikikosea saa, hesabu nzima inaanguka. Ndiyo maana pia nusu saa anayoomba mama ina gharama. Fosforasi iliyo kwenye damu hutoka upesi saa ya kwanza, kisha iliyojificha ndani ya seli huja polepole, na mashine lazima iingoje. Wanaofanya awamu mbili tu kwa wiki, na ni wengi Afrika Mashariki, deni lao ni kubwa zaidi ya la mama.

Kuhusu maziwa: glasi mbili za robo lita zina karibu miligramu 460 za fosforasi, nusu nzima ya chakula cha siku. Kijiko cha maziwa kwenye chai hakina neno, glasi mbili zinavuruga kila kitu. Supu ya makongoro nayo imepewa sifa isiyo yake. Kalsiamu ya mfupa haiyeyuki kwa kuchemshwa, mnene ule ni gelatini, na bakuli moja huleta chumvi na karibu nusu lita ya maji. Chumvi huleta kiu, kiu huleta kilo 3.8, na tutaona punde kilo hizo zinaishia wapi. Shangazi asivunjwe moyo, apewe kazi nyingine: amkaangie mama ute wa mayai. Ute wa yai moja una gramu 3.6 za protini na fosforasi kiasi cha miligramu 5 tu, wakati yai zima lina karibu 90.

Tunasisitiza protini kwa sababu albumini ya 32 ni ndogo, na kosa kubwa mtakaloweza kufanya mkisikia habari za fosforasi ni kumnyima mama nyama na samaki. Misuli ikiisha, ataanguka zaidi. Kwa kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku. Nyama ikatwe vipande vidogo, ichemshwe kwa maji mengi, maji ya kwanza yamwagwe ndipo iungwe. Fosforasi na potasiamu hutoka na maji hayo. Samaki wa nyama ni bora kuliko dagaa, maana dagaa huliwa na mifupa yake. Maharage si adui kama yanavyosemwa, kwa kuwa fosforasi yake imefungwa kwenye mbegu na utumbo wetu huipata nusu au pungufu, ila yaangaliwe kwa ajili ya potasiamu. Adui halisi ni ile inayowekwa kiwandani, ambayo karibu yote hufyonzwa: soseji, nyama za kopo, soda nyeusi za kola, na hata unga wa kuumulia keki wa kopo, kwa hiyo maandazi yaumuliwe kwa hamira. Kwenye lebo tafuteni neno lenye herufi “phos” ndani yake, au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452.

Sasa kuanguka kwenyewe. Kwa tunavyoona, kulianzia kwenye mashine, kizingiti kilimalizia tu. Kiwango kinachoshauriwa cha kuvuta maji kisizidi mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Kwa kilo 60 hizo ni 780 kwa saa, lita 3.1 kwa saa nne. Mama anafika na 3.8 na kuondoka baada ya saa tatu na nusu, kwa hiyo anavutwa karibu 1,090 kwa saa, sawa na 18 kwa kilo. Mwendo huo ndio unaomkaza misuli, na kukaza ndiko kunakomfanya aombe kutoka mapema, na kutoka mapema kunaongeza mwendo. Kutoa 3.8 bila kumwumiza kungehitaji karibu saa tano. Dawa yake ni chumvi: isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kikiwa sawasawa, ikihesabiwa pamoja na ya mkate na ya vidonge vya kuungia supu. Wengi hubanwa maji huku chumvi ikiachwa, na hapo kiu hushinda kila mara. Muulizeni daktari pia kama uzito mkavu wa kilo 60 bado ni wa kweli. Aliyepungua nyama huku namba haijabadilishwa hubaki na maji, na aliyenenepa hukaushwa kupita kiasi.

Baada ya mashine akae kitini dakika 15. Presha ipimwe ameketi, kisha akiwa amesimama dakika moja, kisha tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, hajawa tayari kupanda bajaji. Siku za mashine amlodipini inaweza kusogezwa hadi usiku, mwombeni daktari aamue. Anayemshusha amshike kiunoni, asivute mkono wa fistula. Ndara zilizolika zitupwe, avae kiatu cha kufunga kisigino. Kanga isiburute. Bafuni muweke kiti cha plastiki kizito, aoge ameketi, na sabuni imwagiwe maji kabla hajasimama. Taa ya kuelekea chooni iwake usiku kucha. Siku zisizo za mashine afanye zoezi la kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mara tano hadi kumi, na mtu akiwa pembeni. Hakuna kidonge kinachofanya kazi hiyo ya misuli ya mapaja.

Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli gramu moja, isizidi gramu tatu kwa siku. Dikloofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo la mtu ambaye tayari anapewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwenye mashine, na huua mkojo kidogo uliobaki, nao mkojo huo hutoa fosforasi bure. Tramadoli hujikusanya kwa wenye figo mbovu na huleta kizunguzungu, kwa hiyo iwe kwa kipimo kidogo cha daktari tu. Omeprazoli iulizwe sababu yake: kalsiamu kabonati inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na matumizi ya muda mrefu ya dawa hizi yamehusishwa na kuvunjika nyonga. Kama aliwahi kutoka damu tumboni msiiache wenyewe. Na msije mkaibadilisha kwa dawa za kutuliza kiungulia zenye aluminiamu. Aluminiamu hujilaza kwenye mfupa na kuuzuia usikomae. Miaka ya 1970 mjini Newcastle, Uingereza, wagonjwa wa dayalisisi walivunjika mifupa na kuchanganyikiwa kwa sababu ya aluminiamu iliyokuwa kwenye maji ya mashine. Shabu ile ile tunayotumia kutuliza maji ya tope ni chumvi ya aluminiamu. Ndiyo maana vituo husafisha maji kwa mitambo, na kipimo kinachoruhusiwa hakizidi miligramu 0.01 kwa lita. Kuuliza kituo chenu maji yalipimwa lini si utovu wa adabu.

DEXA tungeiacha kwa sasa. Inapima wingi wa madini, haisemi mfupa unabomolewa au umelala, na mama amekwisha vunjika, jibu lake halitabadilisha hatua ya kwanza. Fedha hiyo ilipie PTH ya marudio kwenye maabara ile ile, maana maabara mbili hutoa namba mbili kwa damu moja, na ichukuliwe kabla ya mashine kuwashwa. Karatasi nyingine huandika pmol/L. Zidisha kwa 9.4 upate pg/mL. Kliniki mwombeni daktari kalsiamu na fosforasi za kila mwezi mpaka zitulie, vitamini D ya akiba, na baikaboneti, ambayo kabla ya mashine isiwe chini ya 22 kwa kuwa asidi nayo hula mfupa. Eksirei ya vidole vya mikono huonyesha mfupa uliotafunwa pembeni, na altrasaundi ya shingo huonyesha tezi zilizovimba.

Alfakalsidoli ya “tukiipata” ni jambo la kumwambia daktari waziwazi, msimfiche. Atadhani mama anaitumia na dawa imeshindwa. Hata hivyo alfakalsidoli huingiza fosforasi pia, kwa hiyo huenda akataka fosforasi ishuke kwanza. Sinakalseti ndiyo ya kuituliza tezi bila kuongeza kalsiamu: huanza na miligramu 30 mara moja kwa siku pamoja na chakula, huleta kichefuchefu, na haianzishwi kalsiamu ikiwa chini ya 2.1, ndipo ile hesabu ya albumini inapohitajika tena. Ni ghali, na si kila bima huilipa. PTH ikibaki juu ya 800 kwa miezi huku dawa zinamezwa sawasawa, huzungumziwa upasuaji wa kutoa tezi hizo. Msiuogope kwa jina, bali ulizeni mtaenda wapi penye kupima kalsiamu kila baada ya saa chache siku mbili tatu za mwanzo, maana mifupa yenye njaa huinyonya kalsiamu yote kwa ghafla baada ya operesheni.

Akianguka tena na kulalamika maumivu ya kinena, mguu ukaonekana mfupi na kidole gumba kimegeukia nje, asisimamishwe, asikandwe, asipelekwe kwa mganga wa kienyeji wa mifupa. Alazwe chali, apelekwe hospitali yenye mashine, na wapokeaji waambiwe neno la kwanza kuwa ni mgonjwa wa dayalisisi na siku yake ya mwisho ilikuwa lini. Mfupa mkubwa ukivunjika potasiamu hupanda, na awamu iliyorukwa kwa ajili ya foleni ya upasuaji inaweza kuua kabla ya nyonga. Goti likikataa ghafla kunyooka bila kuanguka nalo ni la haraka: PTH ikiwa juu, kano za paja hukatika zenyewe.

Hogo kwa kawaida hukaa wiki sita. Kwa mfupa wa namna hii lisifunguliwe kwa kalenda, ipigwe eksirei kwanza. Vidole avichezeshe kila saa akiwa macho. Na wauguzi wakumbushwe kuwa presha haipimwi mkono wa kushoto wenye fistula hata kama wa kulia una hogo: likiishia chini ya kiwiko, kitambaa cha presha kifungwe kulia juu ya kiwiko, na likipanda juu, wapime mguuni.